Rangi iliyofifia kwenye chumvi: uchambuzi wa kisa cha hamira na mitokondria zake

Kisa chenyewe ni hiki. Hamira ya kawaida ya maabara, Saccharomyces cerevisiae ya ukoo wa BY4741, imekuzwa kwa nyuzi 30 hadi ikawa inagawanyika kwa kasi, kisha ikatiwa NaCl, chumvi ileile ya mezani, mpaka M 0.8, yaani moli 0.8 kwa lita. Hiyo ni chumvi kali kuliko ya Bahari ya Hindi, maana maji ya bahari yana sodiamu karibu M 0.47. Baada ya dakika 30 seli zikatiwa DiOC6, rangi ya kijani yenye chaji chanya ambayo hujikusanya ndani ya mitokondria (vyombo vidogo vya kuzalisha nishati ndani ya seli) zenye volteji. Zile za chumvi zikang'aa theluthi tu ya zile zisizo na chumvi. Ikaongezwa antimisini A, ambayo huziba mkondo wa elektroni, na hamira ikazidi kudhoofika kwenye chumvi. Ikaongezwa CCCP, kemikali inayovusha protoni kwenye tando na kuangusha volteji, hali ikawa mbaya zaidi. Mwisho ikatiwa N-asetilisisteini, inayojulikana kama dawa ya kuzima oksijeni haribifu, na seli zikapata nafuu.

Hitimisho likaandikwa: chumvi huangusha volteji ya mitokondria, mitokondria hutoa oksijeni haribifu, na hapo ndipo seli inapoumia.

Maelezo hayo yanavutia kwa sababu kila kipande kinamuunga mkono mwenzake. Lakini ukikishika kimoja kimoja, vyote vinne vina maelezo mengine yasiyohusiana na mitokondria hata kidogo. Tunakichambua kama kisa cha kufundishia: namba za matokeo ni za mfano, ila makosa yaliyomo ni ya kweli na yanajirudia. Na jambo lenyewe linastahili kazi safi, kwa sababu mitokondria zina sehemu ya kweli katika kustahimili chumvi. Mwaka 2009 kikundi cha watafiti wa Valencia, Uhispania, kilionyesha katika Journal of Biological Chemistry kwamba hamira iliyopigwa na msongo wa osmosi huongeza kazi ya mitokondria ili kujizoesha, na kwamba kazi hiyo ikikosekana kujizoesha kunayumba. Ndiyo maana inauma kuona swali zuri kama hili likijibiwa kwa kipimo kinachopima kitu kingine.

Chumvi hupiga mara tatu

Pigo la kwanza ni la osmosi. Maji yanatoka, seli inasinyaa papo hapo. Protini ya Hog1 inawashwa ndani ya dakika 5, mlango wa Fps1 kwenye utando wa nje unafungwa ili gliseroli isivuje, jeni ya GPD1, ya kutengeneza gliseroli, inapandishwa, na gliseroli inaanza kurundikana ndani mpaka maji yarudi.

Pigo la pili ni sumu ya sodiamu yenyewe, inayoingilia kazi za potasiamu ndani ya seli. Hamira huitoa nje kwa njia mbili: pampu ya Ena1 inayokula ATP, sarafu ya nishati ya seli, na Nha1 inayobadilishana sodiamu na protoni kwa kutumia mteremko wa protoni kwenye utando wa nje. Kalsinyurini, kimeng'enya kinachoamshwa na kalsiamu, kupitia Crz1, protini inayowasha jeni, ndiyo mmoja wa wanaoamuru Ena1 iongezwe.

Pigo la tatu ndilo linalosahaulika, na ndilo lililokivuruga kisa hiki. Ayoni chanya nyingi nje ya seli hupunguza volteji ya utando wa nje. Si wa mitokondria, bali ule unaozunguka seli nzima.

Sorbitoli yenye osmosi sawa hutoa pigo la kwanza peke yake. KCl hutoa la kwanza na la tatu, bila sumu ya sodiamu. Anayetumia NaCl pekee hana namna ya kujua ni pigo lipi alilopima, na kisa chetu kilitumia NaCl pekee.

Rangi hupita tando mbili

DiOC6, rodamini 123, TMRM na MitoTracker nyekundu zote ni molekuli ndogo zenye chaji chanya na zinazopenda mafuta. Zinavutwa na upande hasi. Ili zifike ndani ya mitokondria lazima kwanza zivutwe kutoka nje hadi kwenye saitoplazimu na volteji ya utando wa nje, halafu zivutwe tena hadi ndani na volteji ya mitokondria. Mivuto hii miwili haijumlishwi, inazidishana.

Hesabu ya Nernst, inayohusisha volteji na mkusanyiko wa chaji, kwa nyuzi 30 inasema kila milivolti 60 hukoleza rangi mara 10. Sasa tuseme mitokondria haijaguswa kabisa, na utando wa nje umepoteza milivolti 30 kwa sababu ya chumvi. Milivolti 30 ni nusu ya 60, na kipeuo cha pili cha 10 ni 3.16. Maana yake rangi ndani ya mitokondria inashuka hadi chini kidogo ya theluthi moja ya ilivyokuwa. Ndiyo theluthi ileile iliyoripotiwa. Yaani matokeo yote ya kipande cha kwanza yanaweza kuzalishwa na utando wa nje, huku mitokondria zikiendelea na shughuli zake kama kawaida. Rangi halisi haifuati hesabu hii kwa unyoofu, kwa kuwa baadhi hujibandika kwenye tando na ikikolea mno hujizima, lakini ukubwa wa athari ndio huo.

Watu hujaribu kukwepa tatizo hili kwa kutia rangi kabla ya chumvi. Kwa DiOC6 haisaidii: haijafungwa kwa kemikali, hivyo volteji ya nje ikishuka nayo hutoka. MitoTracker nyekundu CMXRos hujishikiza kwenye protini na hubaki, lakini basi inakuonyesha volteji iliyokuwapo kabla ya chumvi, nawe ulitaka iliyopo baada yake.

Kuna na jambo la kipimo cha rangi. DiOC6 hubagua mitokondria ikiwa nyepesi, karibu nM 175, ambayo ni µg 0.1 kwa mililita. Ukizidisha, inapaka retikulamu ya endoplazimu na unaona wavu mzima wa seli. Seli iliyosinyaa kwa chumvi ina ujazo mdogo, na idadi ya seli ikipungua kwenye chupa kila moja inapata rangi zaidi, kwa hiyo hesabu seli kwa kioo cha kuhesabia chini ya hadubini. Usitegemee OD600, kipimo cha ukungu wa seli kwenye mwanga, pekee: seli ikisinyaa hutawanya mwanga tofauti, na OD hubadilika ndani ya dakika bila seli hata moja kuzaliwa.

Tena hamira ina pampu za kutupa takataka, hasa Pdr5, zinazofukuza rangi na dawa nyingi. Hali yoyote inayobadilisha pampu hizi hubadilisha mng'ao. Kurudia jaribio kwenye hamira iliyofutwa PDR5 hugharimu siku mbili tu.

Maji ya kusuuzia

Hapa kosa ni dogo kwa macho na kubwa kwa seli. Seli zilizokaa dakika 30 kwenye NaCl ya M 0.8 zimezungukwa na takriban osmoli 1.7 kwa lita, ukijumlisha chumvi na lishe yenyewe. PBS, maji ya chumvi hafifu ya kusuuzia seli, ina kama 0.3. Ukizisuuza kwa PBS unazitoa kwenye ukavu na kuzitumbukiza kwenye gharika: maji yanakimbilia ndani, Fps1 inafunguka, gliseroli inamwagika, kalsiamu inaruka. Halafu unapima volteji ya seli iliyopigwa mara mbili, na unaliita pigo la pili kwa jina la la kwanza. Kundi lisilo na chumvi, likisuuzwa kwa PBS hiyohiyo, halioni mshtuko wowote. Tofauti kati ya makundi inatengenezwa kwenye sinki.

Suuza kila kundi kwa lishe yake lenyewe, ikiwa na chumvi au sorbitoli ileile, na dawa ileile kwa kipimo kilekile. Ukiweza, usisuuze kabisa: tia DiOC6 moja kwa moja kwenye chupa, subiri dakika 15 hadi 20 gizani, pima.

Antimisini, na ethanoli iliyoibeba

Antimisini A hushika tata ya tatu ya mkondo wa elektroni, upande wa ndani wa saitokromu b. Kwa hamira, µg 5 kwa mililita, yaani kama µM 9, inatosha. Swali la kwanza si chumvi ilifanya nini bali dawa inafanya kazi? Lipate jibu kwenye YPG, lishe yenye gliseroli 3%: hapo hamira haiwezi kukua bila kupumua, hivyo antimisini nzuri huisimamisha kabisa. Ikiendelea kukua, chupa yako ya dawa imechoka.

Dawa hii huyeyushwa kwenye ethanoli, na ethanoli kwa hamira ni chakula. Akiba (dawa iliyoyeyushwa ikiwa nzito) ya mg 5 kwa mililita ikitiwa sehemu 1 kwa 1,000 inaleta ethanoli 0.1%, kama mM 17. Akiba ya mg 1 kwa mililita inakulazimisha utie sehemu 1 kwa 200, na hapo unaleta mM 86. Kundi la ulinganishi linalopata ethanoli tupu linaweza kuipumua na kukua zaidi. Kundi lenye antimisini haliwezi. Pengo linapanuka, na dawa inapewa sifa isiyo yake. Tumia akiba nzito, na weka makundi mawili ya ulinganishi: lenye ethanoli na lisilo na kitu.

Jaribio linaloamua ni la hamira isiyo na DNA ya mitokondria, inayoitwa rho sifuri. DNA hiyo hubeba maelekezo ya saitokromu b, na bila saitokromu b antimisini haina pa kushika. Kwa hiyo kwenye rho sifuri antimisini isibadilishe chochote, kukiwa na chumvi au bila. Ikibadilisha, basi inagusa kitu kingine na hoja yote inarudi mezani. Kuitengeneza si kazi: kuza hamira kwenye lishe ya glukosi yenye ethidiamu bromidi µg 25 kwa mililita kwa siku moja, hamishia kwenye chupa mpya ya namna hiyohiyo siku ya pili, sambaza kwenye sahani, chagua vikoloni visivyokua kwenye YPG, kisha hakikisha kwa DAPI, rangi ya kuonyesha DNA, kwamba hakuna madoa ya DNA nje ya kiini. Vaa glavu, ethidiamu hujipenyeza kwenye DNA yako pia, na taka zake zina ndoo yake.

Rotenoni hutajwa sana kwa wanaofanya kazi na seli za wanyama. Kwa hamira hii iache. S. cerevisiae haina tata ya kwanza. Badala yake ina Ndi1, protini moja isiyosikia rotenoni. Matokeo yoyote utakayoyapata yatatoka kwingine.

CCCP haichagui utando

Hiki ndicho kipande tunachokikataa kwa nguvu zaidi. CCCP huvusha protoni kwenye utando wowote wa mafuta inaoukuta. Inaua mteremko wa protoni wa mitokondria, ni kweli, lakini vilevile wa utando wa nje, na wa nje ndio unaoendesha Nha1. Ukiangusha mteremko huo umeziba mlango mmoja wa kutolea sodiamu, na Pma1, pampu ya protoni, inaanza kuchoma ATP kwa nguvu ili kurudisha hali, ATP ileile ambayo Ena1 inaihitaji. Chumvi ikizidi kuumiza hapo, hakuna haja ya kuitaja mitokondria.

Je, rho sifuri inatuokoa kama ilivyofanya kwa antimisini? Nusu tu. Rho sifuri haipumui, lakini bado ina volteji ya mitokondria: F1, kipande cha kimeng'enya cha ATP, huvunja ATP, na Aac2, protini ya kuvusha, hubadilishana ATP na ADP kwa namna inayoacha chaji. Bila volteji hiyo protini zisingeingia na seli ingekufa. Kwa hiyo CCCP ina cha kuharibu hata kwenye rho sifuri. Matumizi yake halali katika kisa hiki ni moja: kuonyesha kiwango cha chini kabisa cha mng'ao wa rangi, kwa µM 10 hadi 20 na dakika 10 tu, kwenye kila hali ya chumvi kivyake. Akiba ya mM 10 ni mg 2.05 kwenye mililita moja ya kiyeyusho cha DMSO. Mikrolita 1 kwa mililita huleta µM 10 na DMSO 0.1%, kiasi ambacho seli huvumilia vizuri.

Nafuu ya N-asetilisisteini

Ina njia tatu za kukudanganya. Ya kwanza ni asidi. Kwenye lishe ya SD, lishe rahisi ya glukosi isiyo na bafa (kidhibiti cha pH) ya maana, mM 10 ya N-asetilisisteini isiyosawazishwa inashusha pH kwa dhahiri, na pH inabadilisha ustahimilivu wa sodiamu yenyewe: Nha1 hufanya kazi vizuri kwenye asidi, wakati Ena1 ndiyo tegemeo pH inapopanda. Sawazisha akiba kwa KOH hadi pH ya lishe yako, kisha pima pH ndani ya chupa ya mwisho, si ndani ya akiba tu.

Ya pili ni kwamba kundi lake la salfa hushikana na CCCP na kuizima ndani ya lishe kabla haijafika kwenye seli. Ukizitia pamoja ukaona nafuu, umeona kemia ya chupa.

Ya tatu: nafuu si kipimo cha oksijeni haribifu. Kama unadai zipo, zipime. Rangi ya dihidroethidiamu hutumika, lakini zao lake jekundu halitofautishwi kwa macho na propidiamu ya kuonyesha seli zilizokufa, kwa hiyo mirija ya rangi hizi mbili iwe tofauti.

Sukari gani

Kwenye glukosi 2% hamira huzima sehemu kubwa ya upumuaji wake na kuchachusha, hata hewa ikiwa tele. Ukipima mitokondria hapo unapima injini iliyo kwenye sailensa. Wengi wakigundua hili hukimbilia gliseroli. Lakini gliseroli ndiyo akiba ileile ambayo seli hurundika dhidi ya chumvi! Lishe yenye 3% ina kama M 0.41 ya gliseroli, na chumvi hupandisha Stl1, inayoivuta kutoka nje, pale glukosi isipokuwapo kuizuia. Umeipa seli silaha kisha unashangaa inapigana vizuri.

Laktati nayo ina mtego wa sodiamu. Asidi ya laktiki 2% ni M 0.22; ukiipandisha hadi pH 5.5 kwa NaOH umeingiza karibu M 0.22 ya sodiamu kwenye kundi linaloitwa lisilo na chumvi. Tumia KOH. Na galaktosi isichanganywe na lithiamu, mbadala wa sodiamu unaopendwa kwa kuwa huumiza kwa kipimo kidogo: lithiamu huzuia fosfoglukomutasi, kimeng'enya kinachohitajika kula galaktosi, na hapo hupimi tena msongo wa chumvi.

Kwa kisa hiki rafinosi 2% ndiyo chaguo letu. Upumuaji unafunguka, na hamira bado inaweza kuchachusha dawa ikiuziba, kwa hiyo antimisini haiiui moja kwa moja na athari ya chumvi inaonekana. Glukosi iendeshwe sambamba.

Jinsi ya kulirudia jaribio

Anza na hamira iliyotoka kwenye sahani ya YPG usiku wa jana. Sababu ni kwamba koo za familia ya S288C, BY4741 ikiwamo, hupoteza DNA ya mitokondria kirahisi kutokana na matoleo yao ya jeni za MIP1, SAL1 na CAT5, na jeni yao ya HAP1 imevunjwa na kipande cha Ty1, DNA inayorukaruka. Kama asilimia fulani ya chupa yako tayari haipumui, kila wastani unaoupima umechanganywa. Mwisho wa jaribio sambaza seli 200 hivi kwenye sahani za glukosi, subiri vikoloni, mwagia juu agari yenye rangi ya TTC 0.1%: vinavyopumua huwa vyekundu, visivyopumua hubaki vyeupe. Vihesabu kwa kila hali, kwani chumvi ya siku nyingi inaweza kubadilisha nani amebaki.

Koo nyingine usizichanganye humu. CEN.PK, kwa mfano, ina pampu ya ENA6 badala ya kundi la ENA la S288C na huumizwa na sodiamu mapema zaidi. M 0.8 kwake si M 0.8 ya BY4741.

Lishe kwa lita moja: chanzo cha nitrojeni cha hamira chenye amonia salfeti g 6.7, rafinosi g 20, histidini mg 20, leusini mg 100, methionini mg 20, urasili mg 20. Itengeneze kwa namna nne. Ya kwanza haina nyongeza. Ya pili ina NaCl g 46.8 kwa lita, ambayo ni M 0.8. Ya tatu ina KCl g 59.6, pia M 0.8. Ya nne ina sorbitoli M 1.45, yaani g 264. Anza na maji mililita 600 tu, maana sorbitoli hiyo hujaza karibu mililita 200 yenyewe. Kutia chumvi kutoka akiba ya M 5 kwenye lishe iliyokwisha tengenezwa ni njia rahisi, lakini mililita 8 katika 50 huzimua chakula kwa 16%; kundi la ulinganishi basi lazima lipate mililita 8 za maji.

Chupa isijazwe zaidi ya moja ya tano ya ujazo wake, itikiswe mizunguko 200 kwa dakika. Mitokondria zinazokosa hewa hazina cha kuonyesha. OD600 ikifika 0.4, kusanya seli kwenye kichujio au kwa mzunguko mfupi, zigawe kwenye lishe nne zilizopashwa nyuzi 30. Kila lishe ipate mirija mitano: bila kitu, ethanoli 0.1%, antimisini µg 5 kwa mililita, na FK506 µg 1 kwa mililita na kiyeyusho chake kikiwa na mrija wake wa ulinganishi.

FK506 imo kwa sababu maalumu. Hushikana na Fpr1, na wawili hao huifunga kalsinyurini, hivyo seli inashindwa kupandisha Ena1. Inapaswa kuzidisha sumu ya NaCl bila kugusa sorbitoli, na kwenye hamira iliyofutwa FPR1 isifanye kitu. Ndiyo molekuli ndogo yenye nidhamu tunayoitamani: lengo linajulikana, na kuna jeni moja ya kufuta ili kuthibitisha. Isipofanya hivyo kwenye meza yako, rekebisha meza kwanza kabla ya kuamini antimisini.

Pima dakika 0, 10, 30, 90 na saa 4. Dakika 10 ni ya mshtuko, saa 4 ni ya waliojizoesha, na kuzichanganya ni kuwauliza watu wawili swali moja. Amua pia mapema kama dawa inatangulia chumvi kwa dakika 30 au inaifuata, kwa kuwa seli iliyokwisha jirundikia gliseroli haitegemei tena kitu kilekile.

Kisha pima mitokondria bila rangi. Njia ya kwanza ni kupima matumizi ya oksijeni kwa elektrodi ya Clark, nyuzi 30, seli zikiwa ndani ya lishe yao. Elektrodi isawazishwe ndani ya lishe hiyohiyo iliyojazwa hewa: maji ya chumvi hubeba oksijeni pungufu, na hata maji ya bahari ya kawaida hubeba karibu moja ya tano pungufu kuliko maji yasiyo na chumvi. Ukisawazisha kwa maji matupu, utaandika kwamba seli za chumvi zinatumia oksijeni nyingi kuliko zinavyotumia. Soma kiwango cha kawaida, tia CCCP usome kiwango cha juu, tia antimisini usome kinachobaki. Oligomisini ya kufunga ATP sintasi haingii vizuri kwenye hamira nzima, kwa hiyo ukimya wake usiuchukue kuwa jibu.

Njia ya pili ni kuingia kwa protini. Atp2 huzaliwa ikiwa na kipande cha mbele kinachoipeleka mitokondria na kinachokatwa ikishaingia, na uingiaji unahitaji volteji. Volteji ikianguka, umbo refu lisilokatwa linajitokeza juu ya lile fupi kwenye jeli. Mrija wa CCCP wa dakika 30 unakuonyesha umbo hilo likoje. Kipimo hiki hakijali volteji ya utando wa nje, na hapo ndipo thamani yake ilipo.

Kusoma kinachotoka

Mng'ao wa DiOC6 ukishuka kwenye NaCl na KCl kwa kiasi kinachofanana, na ukabaki karibu na kawaida kwenye sorbitoli, huku oksijeni iliyosawazishwa vyema haijashuka na Atp2 haina umbo refu, basi kilichoshuka ni volteji ya utando wa nje. Rangi ya diS-C3(3), inayotumika kupima utando huo, itakuthibitishia.

Mng'ao ukishuka kote, sorbitoli ikiwamo, tazama kwanza ukubwa wa seli na msuuzo. Ukishuka kwenye NaCl peke yake, oksijeni ikashuka nayo na umbo refu la Atp2 likajitokeza, hapo sodiamu imefika mitokondria, na swali la oksijeni haribifu lina haki ya kuulizwa.

Kwa upande wa antimisini, angalia kama inazidisha sumu ya NaCl kuliko ya KCl na sorbitoli kwenye rafinosi, na kama athari hiyo inatoweka kwenye rho sifuri. Yote mawili yakitimia, upumuaji unaisaidia seli kutoa sodiamu au kulipia gharama zake, na hatua inayofuata ni kurudia kwenye hamira isiyo na pampu za ENA. Likitimia la kwanza bila la pili, molekuli ina lengo lingine. Ikizidisha madhara ya zote tatu sawasawa, unatazama pigo la osmosi na gharama ya kutengeneza gliseroli.

Kwa data zilizokuwapo mwanzoni mwa kisa, sentensi inayoweza kutetewa ni fupi: NaCl ya M 0.8 kwa dakika 30 ilipunguza DiOC6 inayokusanyika ndani ya seli za BY4741. Neno mitokondria linaongezwa siku jeli ya Atp2 na elektrodi ya Clark zitakapolikubali.